Kadi ya Mtandao na Haki ya Mama Katibu

Darasani tunafundishwa kwamba neno "polepole" ni kielezi. Ni kweli, na katika mtihani jibu hilo lina alama zake. Lakini mwaka jana, hapa Bujumbura, niliona jinsi neno hilo hilo, likisemwa bila maelezo, linavyoweza kumponza mtu asiye na hatia. Ndiyo maana nimeamua kuandika insha hii kuhusu kifaa kidogo ambacho wengi wetu hatujawahi kukitazama: kadi ya mtandao ya kompyuta ya mezani.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna chumba kidogo cha kusomea. Ndani yake mna kabati la vitabu, meza mbili ndefu na kompyuta moja ya mezani. Kompyuta hiyo ni mali yetu kubwa kuliko zote, kwa sababu ndimo zilimo rekodi za wazee wa Buyenzi. Msomaji usiyeujua mji wetu, Buyenzi ni mtaa ambao Kiswahili huzungumzwa nyumbani na sokoni, si shuleni tu. Darasa letu lilikuwa limewarekodi wazee wakisimulia habari za harusi, uvuvi na biashara ya ziwani. Rekodi moja ilikuwa na megabaiti mia kadhaa, na zote zilitakiwa zipakiwe kwenye seva ya walimu wetu kabla ya mitihani ili kila mwanafunzi aandike tasnifu yake.

Mwezi wa Aprili kompyuta ikawa nzito. Barua pepe fupi ilikwenda, lakini rekodi haikwenda. Ungeanza kuipakia saa mbili asubuhi, na saa nne ungeambiwa kwamba mawasiliano yamekatika, anza upya. Kila aliyeingia chumbani alitoka na sentensi moja: "Mtandao uko polepole."

Katika wiki hiyo hiyo ya Aprili mambo mawili yalikuwa yametokea. La kwanza, radi ilipiga karibu na jengo letu na kuunguza swichi, yaani kile kisanduku kinachounganisha waya zote za mtandao chumbani, na tukaletewa swichi mpya. La pili, tulipata katibu mpya, mama mmoja wa makamo kutoka kusini mwa nchi, aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba. Mambo yalikuwa mawili, lakini watu walilikumbuka moja tu. Ilisemwa kwamba Mama Katibu hubaki jioni akitazama filamu na kwamba filamu hizo ndizo zinazomaliza mtandao. Hakuna aliyekuwa amemwona. Wahenga walinena kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya mama huyu ilikuwa ufunguo aliokuwa nao.

Kwenye mkutano wa darasa yalitolewa mapendekezo mawili. Mama Katibu anyang'anywe ufunguo, na taarifa ipelekwe kwa wakubwa. Tena, fedha za safari zinunue kompyuta nyingine. Fedha hizo tulizichanga mwaka mzima, wanafunzi 24, faranga 30,000 kila mmoja, ili twende Kigoma kwa basi kupitia Mabanda na Manyovu, tukae siku chache tukisikiliza Kiswahili cha Ujiji. Kwa wenzetu kadhaa ingekuwa mara ya kwanza kuvuka mpaka. Mama Katibu mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango. Alipopewa nafasi alisema maneno machache tu: "Wanangu, mimi hata kuizima siijui vizuri. Huwa naifunika kitambaa."

Niliomba nipewe siku tano. Sikuwa fundi, lakini likizo zangu zote za sekondari nilizimaliza katika karakana ya mjomba wangu huko Buyenzi, anakotengeneza redio, televisheni na kompyuta. Mjomba ana kanuni mbili. Ya kwanza: malalamiko si ugonjwa. Mtu akisema anaumwa, daktari humwuliza anaumwa wapi, tangu lini, na akifanya nini. Ya pili: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja na mashine ikapona, hutajua ni kipi kilichoiponya, na siku ikiugua tena utaanza upya.

Swali la kwanza lilikuwa hili: je, tatizo liko nje ya chumba au ndani? Dada mmoja wa darasa letu, mwenyeji wa Uvira, alinipa kompyuta yake mpakato. Nilichomoa waya kwenye kompyuta ya mezani nikauchomeka kwenye mpakato. Waya ulikuwa ule ule, na tundu la swichi lile lile. Mpakato ilipakia faili la megabaiti 20 kwa dakika mbili hivi. Niliporudisha waya kwenye kompyuta ya mezani, faili hilo lilikwama kabla ya kufika nusu. Jaribio hilo moja lilitoa watuhumiwa watatu kwa mpigo: waya ulikuwa mzima, tundu la swichi lilikuwa zima, na intaneti ya jengo ilikuwa nzima.

Swali la pili lilimhusu Mama Katibu moja kwa moja. Ikiwa filamu ndizo zinazomaliza mtandao, basi mtandao wa nje ukikatwa kabisa filamu hazina nafasi tena. Jumapili, chumba kikiwa kitupu na Mama yuko kwao, nilichomoa waya unaotoka nje. Zilibaki kompyuta ya mezani na mpakato zikizungumza zenyewe kupitia swichi. Nikanakili rekodi moja ya megabaiti 600 kutoka kompyuta ya mezani kwenda kwenye mpakato. Baada ya dakika kumi zilikuwa zimepita megabaiti 54. Nikaazima mpakato ya pili, nikanakili rekodi hiyo hiyo baina ya mpakato mbili kupitia swichi ile ile, na haikuchukua hata robo dakika. Hapakuwa na filamu, hapakuwa na intaneti, hapakuwa na mama wa watu, na bado kompyuta ya mezani ilijikokota. Niliandika matokeo hayo kwenye daftari pamoja na saa na tarehe, kwa sababu nilijua yangetakiwa.

Sasa nilikuwa nimebaki na kompyuta yenyewe. Nilianza na amri ya pingi, ambayo hutuma pakiti ndogo kwa kifaa kingine na kuhesabu muda wa jibu kurudi. Nilituma pakiti 100 kwenda kwenye ruta. Zote 100 zilirudi, tena kwa haraka. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika wakasema kadi ni nzima. Pingi hutuma pakiti moja, husubiri jibu, kisha hutuma nyingine. Ni kama kupima barabara kwa baiskeli moja alfajiri. Nilianza tena kunakili rekodi ile kubwa, na wakati inaendelea nikapiga pingi upya. Safari hii pakiti nyingi hazikurudi. Nilipofungua takwimu za kadi, hesabu ya pakiti zenye kosa ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu. Rekodi ikisimama, hesabu nayo inasimama.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa na maelezo sasa: pakiti huharibika pale tu mazungumzo yanapokuwa mengi kwa pande zote mbili. Maelezo hayo ni bora mara mia kuliko neno "polepole".

Kaka mmoja alisema radi iliyounguza swichi imeiunguza na kadi, na ushahidi wake haukuwa mbaya. Radi huweza kuingia kwa waya wa mtandao ikaiacha kadi nusu hai, taa zake zikiwaka huku kazi haifanyiki. Jibu lilipatikana kwa njia ambayo haikugharimu hata faranga moja. Mjomba alinipa flashi yenye mfumo wa Linux, ambao unaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Niliiwasha kompyuta kwa flashi hiyo. Kadi ilikuwa ile ile, na waya ule ule, na tundu lile lile. Rekodi ya megabaiti 600 ilipita kwa sekunde 11.

Nilikaa kimya kidogo nikaitazama skrini. Chuma kilikuwa kizima. Kilichokuwa kibaya kilikuwa kimeandikwa mahali fulani ndani ya mfumo wetu wa kila siku, ama katika draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ama katika mipangilio yake. Nikaizima, nikaiwasha kwa mfumo wetu, nikafungua mipangilio ya kadi. Kompyuta yetu husema Kifaransa, na kwa Kifaransa ilikuwa imeandikwa kwamba kasi ni megabiti 100 kwa sekunde, mawasiliano kamili ya pande mbili, na kwamba mtu ndiye aliyeamua hivyo kwa mkono. Haikuachiwa nafasi ya kukubaliana na mwenzake.

Hapa naomba wenzangu wa fasihi wanivumilie kidogo, maana jambo lenyewe ni la lugha kuliko la umeme. Kadi ya mtandao na swichi vinaweza kuzungumza kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya nusu: mmoja anasema, mwingine ananyamaza, kama redio za upepo za askari. Wakisema pamoja huhesabiwa kuwa wamegongana, na kila mmoja hunyamaza na kusubiri kidogo kabla ya kurudia. Namna ya pili ni kamili: wote wanaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja, kama watu wawili kwenye simu. Kiwango cha megabiti 100 kilichotolewa mwaka 1995 kilileta utaratibu wa vifaa kukubaliana vyenyewe. Waya ukichomekwa tu, kila upande hutangaza kasi na namna unazoziweza, kisha wote huchagua iliyo bora miongoni mwa zile wanazoziweza wote wawili. Kwa lugha yetu, huyu hupiga hodi na yule hujibu karibu.

Kadi yetu ilikuwa imekatazwa kupiga hodi. Ilifungwa kwenye megabiti 100 na pande mbili, ikaingia kimya. Swichi mpya, iliyozoea kukubaliana, iliweza kuitambua kasi kwa kuusikiliza mkondo wa ishara, lakini namna ya mazungumzo haitambuliki kwa kusikiliza. Katika hali hiyo kanuni inaiamuru swichi ichukue tahadhari na kufuata namna ya nusu. Basi kadi ikawa inasema wakati wowote kama mtu wa simu, na swichi ikawa inazungumza kama askari wa redio. Kila swichi iliposikia kadi ikisema katikati ya maneno yake, iliamini kwamba kuna mgongano, ikakata sentensi yake na kunyamaza. Kadi nayo ilipokea vipande vya sentensi ikavihesabu kuwa ni makosa. Pakiti moja moja za pingi zilipita kwa sababu haziingiliani. Rekodi kubwa ilikwama kwa sababu data inakwenda huku majibu ya kuthibitisha kwamba imefika yanarudi, na humo ndimo kuingiliana kunamotokea kila sekunde.

Nilirudisha mipangilio kwenye hali ya kukubaliana yenyewe. Taa ya kadi ilizimika, ikawaka tena. Safari hii walikubaliana kwenye megabiti 1000, pande mbili. Rekodi ikapita kwa muda ule ule wa Linux. Hesabu ya makosa ikasimama pale pale ilipokuwa, na hadi ninapoandika haijasogea.

Lilibaki swali moja: kwa nini tatizo lilianza Aprili, ikiwa mipangilio hiyo ilikuwapo miaka yote? Swichi ya zamani ilikuwa bado kabatini, nyuma ya makamusi. Niliipindua. Chini yake palikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye mwandiko wa fundi asiyejulikana jina, ikisema kwamba tundu la 1, la kompyuta ya mezani, limefungwa kwenye 100, pande mbili. Yaani fundi huyo alikuwa amefunga pande zote mbili kwa mfano mmoja, na kwa hiyo zilielewana. Mjomba aliniambia kwamba zamani mafundi wengi walifanya hivyo, maana vifaa vya kampuni tofauti mara nyingine vilishindwa kukubaliana. Fundi hakukosea. Radi ilichukua nusu ya makubaliano yake, na nusu iliyobaki ikageuka kuwa ugonjwa.

Kanuni inayotokana na hayo ni fupi: ama pande zote mbili ziachwe zikubaliane zenyewe, ama zote mbili zifungwe kwa mfano mmoja. Usifunge upande mmoja.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kila kadi inayosumbua ina ugonjwa huu. Katika karakana ya mjomba nimeona mingine. Nimeona waya uliokanyagwa na mguu wa meza. Ndani ya waya wa mtandao mna nyuzi nane zilizosokotwa kwa jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, ilhali megabiti 1000 kwa waya huo huo huhitaji zote nne. Jozi moja ikikatika, kompyuta inaweza kushuka hadi 100 bila kumwambia mtu, au ikawa inakatika na kurudi. Nimeona kadi iliyopangwa ijipumzishe ili kuokoa umeme, nayo ikawa inalala kila mwenye kompyuta anapokwenda kunywa chai. Nimeona draiva isiyolingana na kadi. Nimeona pia kadi ambazo kweli zilipigwa na radi. Hata hizo dawa yake si kompyuta mpya. Hununuliwa kadi nyingine ndogo, huchomekwa ndani ya kasha, na ile iliyokufa huzimwa kwenye mipangilio. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na nauli za watu 24.

Siku ya tano tulikutana tena. Sikueleza habari za nusu na kamili. Nilisoma daftari langu tu: Jumapili, saa nne asubuhi, intaneti imekatwa, chumba kitupu, megabaiti 54 kwa dakika kumi. Kisha nikanakili rekodi mbele yao, na kaka mmoja kutoka Cibitoke akahesabu sekunde kwa sauti. Hakufika kumi na mbili. Mwenyekiti wa darasa ndiye aliyesimama kwanza. Alimgeukia Mama Katibu akasema, "Mama, tulikusema vibaya, tena bila ushahidi. Tunaomba radhi." Mama akajibu, "Nimewasamehe, wanangu. Ila siku nyingine mniulize mimi kwanza." Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Pale haki yake ilikuwa kuulizwa, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Mwalimu wetu wa mantiki hupenda kusema kwamba kilichotangulia si lazima kiwe kilichosababisha. Mwezi wa Aprili vilitangulia vitu viwili, swichi na mama. Swichi haina uso wala lafudhi ya kusini, wala haikai mlangoni na ufunguo. Kwa hiyo macho yetu yaliipita yakamwona mama. Nadhani hivyo ndivyo tunavyofanya hata pale ambapo hakuna kompyuta: mavuno yakipungua, fedha za chama zikipotea, mtoto akiugua. Tunatafuta mtu kabla ya kutafuta sababu, kwa kuwa mtu huonekana upesi na sababu inahitaji siku tano na daftari.

Rekodi za wazee zilipakiwa zote katika usiku mmoja. Safari ya Kigoma ilifanyika mwezi wa Julai kwa fedha zetu zote bila kupungua hata faranga. Kabla hatujaondoka, Mama Katibu aliniomba nimwandikie kwa Kiswahili mambo ya kuuliza mtu akija kulalamika. Niliyaandika kwa herufi kubwa, naye akayabandika ukutani juu ya kompyuta. Ni polepole kwa nani: wewe peke yako, au wote? Ni polepole kwa kitu gani: kidogo, au kikubwa? Tangu siku gani, na siku hiyo kilibadilishwa nini? Ukiuchomeka waya huo huo kwenye kompyuta nyingine, inakuwaje? Sasa mwanafunzi akiingia na sentensi yake ya zamani, Mama hainuki kitini. Humwonyesha karatasi kwa kidole na kumwambia, "Anza na la kwanza, mwanangu."